Maneno Yalikuwa Yangu

Tulimzika Kiden pale Koboko mwezi uliopita, na kabla sijaenda mbali nataka niseme wazi kwamba nililia kweli. Mpwa wangu alinipeleka kwa gari kutoka Arua. Nililia kaburini, nikalia tena nilipoona viatu vyake bado vimepangwa mlangoni, maana Kiden alipenda viatu kuliko chakula. Halafu mchana, baada ya watu kula, akinamama wakatoa ngoma wakaanza ule wimbo wa "Atarudi", na msichana mmoja aliyekuwa akirekodi kwa simu akamwambia mwenzake aliyetoka Kampala, "Huu ndio wimbo wa marehemu. Alitunga mwenyewe akiwa msichana." Machozi yangu yakakauka hapo hapo. Nikaweka sahani chini. Mimi ni mtu mzima mwenye vitukuu, nimekwenda Makka nikarudi, na rafiki zangu wengi wako chini ya udongo. Lakini niliposikia maneno yale wivu ulinipanda kooni kama nyongo, wivu wa kumwonea maiti, Mungu anisamehe, kwa sababu maneno ya wimbo ule niliyatunga mimi.

Ulikuwa mwaka wa 1975. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimemaliza shule, sina pa kwenda, na maisha yangu yote yalikuwa ndani ya chumba kimoja katika mtaa wa Tanganyika, Arua, nyumbani kwa mama mmoja tuliyemwita Habuba, jina ambalo sisi Wanubi tunamwitia nyanya. Hakuwa nyanya wa mtu yeyote kati yetu. Alikuwa mkuu wa kikundi cha wanawake waimbaji wa doluka, ngoma yetu ya arusi na ya sherehe za watoto, na arusi ya mjini bila yeye ilihesabiwa kuwa ni chakula cha mchana tu. Chumba chake kilikuwa kimetundikwa ukutani vifuniko vya chakula vya kusukwa, vyekundu kwa manjano, kimoja juu ya kingine hadi darini, na kilinuka ubani na vile visamaki vikavu vya angara vilivyopikwa na simsim. Tulikaa mkekani, ngoma katikati yetu. Nyuma ya pazia ulikuwa ua, na humo akinamama wa jirani walikuja kupepeta nafaka na kuwasema watu. Sukari ilikuwa imeadimika. Chai tulikunywa kavu kwa gurusa, zile chapati zetu nene laini, na aliyepata sukari kidogo aliificha hata mumewe asijue.

Habuba alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Ukimletea wimbo mpya, hakutaka kusikia maneno. Alikuambia uwafundishe wapigaji jinsi ngoma inavyokwenda na makofi yanavyoingia, kisha wimbo ulipigwa hivyo hivyo, midomo imefungwa, na yeye akawauliza wale akinamama wa uani, ambao hawakujua lolote, "Hii iko wimbo ya nini?" Wakisema ni wa kumsindikiza biharusi na kweli ni wa kumsindikiza biharusi, ndipo alikuruhusu ufungue mdomo. Wakikosea, ulirudi nao nyumbani. Mimi niliona ni ujinga mtupu. Nilikuwa nimefundishwa Kiswahili na mwalimu wa madrasa aliyetoka pwani, na nikakitia nakshi kwa kusikiliza redio, kwa hiyo niliamini kwamba wimbo ni maneno, na ngoma ni kitu cha kuwazuia watu wasisinzie. Habuba aliponisikia nikisema hivyo hakukasirika. Alisema, "Mdomo inajua kudanganya, Zainabu. Ndiyo maana mimi nasikia ngoma kwanza."

Basi Kiden ndiye aliyeletwa kuishi jirani mwaka ule. Alikuwa Mkakwa wa Midia, karibu na Koboko, Mkatoliki, umri wetu mmoja, na baba yake alikuwa na duka la vitu vilivyovuka mpaka kutoka Kongo. Wakati sisi tulishona gurbaba zetu, zile nguo za kujifunga, za zamani, upande wa pili ili zionekane mpya, yeye alibadilisha vitenge kila wiki, na viatu vyake vilikuwa na visigino vilivyomtangulia kusikika. Angekuwa mbaya wa sura ningemsamehe. Angekuwa na sauti mbovu ningekuwa rafiki yake wa damu. Alikuja kwa Habuba kutazama tu, akakaa mlangoni anakula karanga, na siku ya tatu mpigaji ngoma alipoharakisha kidogo, Kiden akatoa kichwa akasema, huku bado anatafuna, "Hapana hapo. Hapo biharusi hajatoka ndani." Habuba akamgeukia polepole. Akamwambia sogea, kaa hapa, na hapa palikuwa pale nilipokuwa nimekaa mimi.

Nitaeleza sasa kilichokuwa kinagombewa, msije mkadhani nilikonda kwa sababu ya nafasi mkekani. Sauti ya Habuba ilikuwa imekwisha. Kila mtu alijua kwamba kabla ya mwaka kuisha atachagua mtunzi wa kikundi, yule atakayeitwa mwenye nyimbo, na kwa msichana asiye na kazi wala mchumba, kuitwa hivyo Arua nzima kulikuwa sawa na kupewa jina upya. Nafasi ikaja kwa njia ya huzuni. Mama Sauda, mwanakikundi mwenzetu, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Mumewe, dereva, alikuwa ameondoka na lori la tumbaku kwenda Kampala mimba ikiwa bado changa, na hakurudi yeye wala lori. Miaka ile ya utawala wa wanajeshi mtu akipotea hivyo hukuuliza. Waliouliza nao walitafutwa. Mama Sauda mwenyewe alisema barabara ni mbovu, halafu akasema gari limeharibika, halafu akasema huenda amepata kazi nyingine, na sisi tukaitikia kila mara, ndiyo, barabara ni mbovu kweli. Habuba akatangaza kwamba siku ya arubaini, mtoto akitolewa nje, kikundi kitamwimbia mama yake wimbo mpya, na atakayeuleta ndiye. Hakumalizia, lakini macho yake yalipita kwangu yakaenda kwa Kiden yakarudi.

Nilikwenda nyumbani nikatunga kama mtu aliyepagawa. Nilitunga beti nyingi, kila ubeti na vina vyake, na katikati nikaweka maneno ambayo hata leo nikiyasema nywele zinasimama, ingawa nilipoyatunga nilitaka tu kumfariji yule mama:

Alisema atarudi,
mvua ikianza, atarudi,
mtoto akicheka, atarudi,
atarudi, atarudi.

Nikauchagulia mdundo mzuri kuliko yote niliyoijua, ule wa haraka ambao arusini huwainua hata wazee kitini. Niliwafundisha wapigaji mchana mzima. Tukapiga bila mdomo, mimi nimefumba macho kwa raha. Ngoma iliponyamaza Habuba akauliza kupitia pazia, "Hii iko wimbo ya nini?" Mama mmoja akajibu bila kuacha kupepeta, "Iko ya arusi." Mwingine akasema, "Arusi wapi. Iko ya mutu anakimbia kutoka sokoni, mvua imemukuta na unga kichwani." Wakacheka wote hadi mmoja akakohoa. Kiden hakucheka. Ningependa acheke ili nimchukie kwa sababu inayoeleweka, lakini alikaa anatikisa kidole kwenye goti, na alipoinua macho akaniuliza maneno yanasemaje. Nikamsomea beti zote kutoka kichwani, kwa majivuno, ajue anashindana na nani. Akasikiliza hadi mwisho. Akasema, "Hiyo ya atarudi tu. Nyingine wacha." Nilitoka nje nikakaa pamoja na kuku.

Wiki iliyofuata Kiden alinialika kwao Midia, na nilikwenda, nasema kweli, ili kuona kama nyumba yao ina kitu kinachofundisha watu ngoma. Haikuwa nacho. Ilikuwa nyumba ya kawaida yenye bati jipya, na kaka zake wengi ambao walikula haraka. Tulilala chumba kimoja cha kuhifadhia magunia, na mchana tulikaa uani tukimenya mihogo na mama yake. Siku moja wanawake watatu walikuwa wanatwanga mihogo mikavu katika kinu kimoja, kwa zamu, mchi huu ukishuka ule unapanda, tu, tu, tu, na mtoto akalia ndani. Mmoja akaweka mchi wake chini akaenda kumtazama. Wawili waliobaki wakaendelea, lakini hawakuijaza nafasi yake. Ikawa tu, tu, kimya. Tu, tu, kimya. Nikamuuliza mama yake Kiden kwa nini hawatwangi haraka wakamaliza, sasa kwa kuwa wako wawili. Akanitazama kama anayemtazama mtu anayeuliza kwa nini maji ni maji. "Nafasi iko ya mwenyewe," akasema. "Si iko anarudi." Kisha akaniomba nimpe kisu. Nilimpa kisu. Mihogo iliendelea kumenywa, na nikawaza chakula cha jioni.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, hata kuliko msichana wa simu. Nilikuwa uani pale pale. Nilisikia kinu kile kile kwa masikio yangu mawili mazima, na zaidi ya hayo ni mimi niliyeuliza swali. Kiden alikuwa amenipa mgongo, anajipaka mafuta miguuni, na ni yeye aliyesikia. Laiti ingekuwa ni siri ya ukoo wao, au kitu alichofundishwa utotoni kwenye ngoma za Midia, ningejifariji kwamba mimi sikuzaliwa huko. Lakini tulisikia pamoja siku moja. Nimeishi miaka mingi tangu wakati ule, nimetunga nyimbo ambazo watu wamezicheza Arua hadi Adumi, na bado nikisikia kinu kinatwangwa naona mgongo wa Kiden na ile chupa ya mafuta.

Tuliporudi Arua alimwomba Habuba ruhusa ya kujaribu. Hakubadilisha neno hata moja katika ile mistari yangu minne. Alichukua ngoma moja na wanawake watatu wa makofi, akawapanga wapige kwa zamu, taratibu, kama watu wanaotembea. Kisha mahali ambapo ningesema "atarudi" mara ya kwanza, ngoma ikanyamaza. Mara ya pili mwanamke mmoja akaacha kupiga, na nafasi ya kofi lake ikaachwa wazi. Mara ya tatu akaacha wa pili. Likabaki kofi moja peke yake, na kimya kirefu kila upande, linaita na hakuna anayeitika. Halafu nalo likaacha. Midomo yote ilikuwa imefungwa. Habuba akauliza uani, "Hii iko wimbo ya nini?" Safari hii hata ungo hatukuusikia. Baada ya muda mama yule yule wa mvua na unga akasema kwa sauti ya chini, "Huyo anangoja mutu." Mwingine akasema, "Na mutu haji." Ndipo nilipofahamu, nikiwa nimekaa na hasira yangu mkekani, kwamba maneno yangu yalisema atarudi na makofi yalisema hatarudi, na kwamba jambo lile lisingeweza kusemwa Arua kwa mdomo mwaka ule bila mtu kupata taabu. Kiden alikuwa amelisema bila kusema. Nilielewa wimbo ni nini siku hiyo, na uelewa wenyewe haukunipa furaha hata kidogo, kwa sababu ulitoka kwake.

Nilibaki nyuma wenzangu walipoondoka. Nikamwambia Habuba, "Maneno ni yangu."

"Maneno iko yako," akasema. Alikuwa anatafuta jino lake bovu kwa ulimi. "Nani amekunyang'anya?"

"Watu watasema wimbo ni wa Kiden."

"Watasema."

Nikangoja aongeze kitu cha kunituliza. Alimimina chai, akaonja, akakunja uso kwa kukosa sukari, kisha akasema, "Kofi ya mwisho, ile inabaki peke yake, utapiga wewe."

Nikamwambia sitaki kumpigia Kiden makofi. Nikamuuliza kwa nini mimi na si yeyote mwingine. Habuba akaweka kikombe chini. "Kwa sababu wewe iko na wivu, mwanangu. Hawa wengine wataacha tu, kama mutu anaacha kusugua sufuria. Wewe hupendi kuachia kitu. Ukiacha wewe, watu watasikia." Niliondoka bila kumuaga. Nyumbani nikapiga makofi peke yangu mbele ya ukuta hadi viganja vikawaka moto.

Siku ya arubaini ua wa Mama Sauda ulijaa. Kulikuwa na kisra, mikate yetu myembamba ya unga wa mtama, na mbuzi aliyenunuliwa kwa michango, na wanaume walikaa nje ya ua wakizungumza habari za mvua. Mama Sauda alikaa kwenye kigoda amepakwa hina, mtoto kalala begani kwake. Kiden alisimama mbele amevaa kitenge ambacho nisingekipata hata kwa ndoto. Akaanza. Sauti yake haikuwa kubwa, ilikuwa ya mtu anayezungumza na mwenzake jikoni, na macho yote yakawa kwake. Alisema atarudi, ngoma ikanyamaza. Mvua ikianza atarudi, na mwanamke wa kushoto kwangu akashusha mikono. Mtoto akicheka atarudi, wa kulia naye akashusha. Nikabaki mimi.

Nawaambia jinsi ilivyokuwa. Mikono ilikuwa yangu. Nilijua kwamba nikiendelea tu, nikipiga pale ambapo sikutakiwa kupiga, wimbo utageuka kuwa wimbo kama nyimbo nyingine, watu watadhani Kiden amekosea, na mchana utaisha kwa kula. Nililitaka jambo hilo kwa moyo wote. Nikatafuta uso wa Kiden ili nione ukiharibika, na badala yake macho yangu yakaangukia kwa Mama Sauda. Hakuwa anamtazama Kiden. Alikuwa anatazama mikono yangu, na kidole chake kilikuwa kinagonga mgongoni kwa mtoto, polepole, kila nilipopiga. Kiden akaimba atarudi ya mwisho. Nikaacha.

Kidole kile kiligonga mara moja zaidi, chenyewe, kikatulia.

Sikumbuki nani alianza kulia. Nakumbuka wanawake wote wakimkimbilia Kiden, wakimshika mabega, na Mama Sauda akainuka, akamtoa mtoto begani akampa jirani, akaondoa mtandio wake mpya akamfunika Kiden nao. Habuba alisema kwa sauti kila mtu akasikia, "Huyu ndiye mwenye nyimbo." Wakapiga vigelegele na kulia kwa wakati mmoja. Hakuna aliyenigeukia. Mtu hashangiliwi kwa kofi ambalo hakupiga, na mimi mwenyewe nilikuwa natazama viganja vyangu nikishangaa vimenisaliti vipi.

Nilikwenda jikoni kuosha vyombo ili nisione zaidi. Nikiwa nimeinama kwenye karai, Mama Sauda akaingia peke yake akasimama karibu na meko. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Zainabu," akasema, "wewe ndiyo uliacha."

Nikasema, "Ndiyo, mama."

"Mimi nilikuwa natazama hiyo mkono. Nilisema ndani ya roho, kama haiachi, baba yao iko hai." Akasukuma kuni mekoni. "Kwa Kiden nilisikia wimbo tu, nzuri sana. Ni wewe uliniambia. Kesho mimi naingia eda."

Akanishika viganja vyote viwili, vikiwa na povu la majivu na mafuta ya mbuzi, akavibana, akatoka. Kesho yake alivaa nguo nyeupe akakaa ndani kama mjane, ingawa mashehe waliguna kwamba hakuna aliyeona maiti, na kuanzia hapo hakusema tena kwamba barabara ni mbovu.

Kiden alimwona akitoka jikoni. Siku ile ile, mtandio bado begani, aliniuliza Mama Sauda kaniambia nini. Nikamjibu kwamba aliomba maji. Aliniuliza tena tulipokuwa tumeolewa sote wawili, na tena tukiwa wakimbizi ng'ambo ya mpaka, tunagawana blanketi moja, na mara ya mwisho mwaka huu, amelala kitandani Koboko, sauti imebaki pumzi tu. Aliuliza kama mtu anayejua kwamba kuna kitu na amekitamani siku zote. Nilimlaza vizuri, nikamfunika miguu, nikamwambia, "Aliomba maji, Kiden." Akafumba macho, hakuniamini. Wimbo ni wake, nimekubali, wamwandikie hata kaburini. Hili niliambiwa mimi.